Jinsi ya kupata msaada na kuchangia programu huria za redio

WAPENDA redio za ridhaa, yaani watu wanaowasiliana kwa mawimbi bila nia ya biashara, siku hizi huunganisha redio zao na tarakilishi. Sharti mrushaji awe na leseni, ambayo humu nchini hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Programu zenyewe, hata hivyo, nyingi hupatikana bila malipo.

Mojawapo ni WSJT-X. Chimbuko lake ni kazi ya Joe Taylor, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, aliyetuzwa Nobeli mwaka wa 1993 pamoja na Russell Hulse. Programu ya awali, WSJT, ilitolewa mwaka wa 2001, na tangu 2005 imekuwa huria: yeyote anaruhusiwa kusoma msimbo wake, kuurekebisha na kuusambaza.

Mnamo 2017, Taylor na Steve Franke walianzisha FT8, mbinu ya kupeleka ujumbe mfupi kwa vipindi vya sekunde 15, unaonaswa hata pale ambapo sikio la binadamu halisikii kitu.

Mbinu hiyo huhitaji saa za tarakilishi za pande zote mbili ziafikiane. Saa ikichelewa kwa sekunde chache tu, skrini hubaki tupu ilhali redio ni nzima. Kwa hivyo, kabla ya kuomba msaada, mtumiaji akague saa, kiwango cha sauti kinachoingia kwenye tarakilishi na nyaya.

Tatizo likizidi kumshinda, aandike ombi kamili. Ataje aina ya redio, toleo la programu, mfumo endeshi wa tarakilishi na hatua alizofuata hadi hitilafu ikatokea. Ujumbe wa hitilafu unakiliwe neno kwa neno. Anayeandika tu kwamba programu "haifanyi kazi" humwacha msaidizi gizani.

Ombi la aina hiyo lina faida kwa wengi. WSJT-X huiamuru redio kupitia Hamlib, maktaba ya msimbo iliyoanzishwa mwaka wa 2000, ambayo sasa hutambua zaidi ya aina 200 za redio. Kila kampuni ina amri zake, na waundaji wa Hamlib, ambao ni watu wa kujitolea, hawawezi kuwa na redio zote hizo mezani. Redio fulani ikikataa kubadili masafa, huenda mwenye redio hiyo ndiye pekee anayeweza kuwaonyesha kasoro ilipo.

Aidha, mhusika asitoweke baada ya kusaidiwa. Marekebisho yakitolewa, ayajaribu kwenye redio yake na kueleza matokeo, yawe mema au mabaya. Bila jaribio hilo, mrekebishaji hana hakika kama amefaulu, na watumiaji wengine wanaweza kupokea toleo lenye kasoro ile ile.

Wasiojua kuandika msimbo pia wana nafasi. Wanaweza kufafanua mwongozo wa matumizi panapotatiza, kuwajibu wanaoanza, au kutafsiri. Maandishi ya skrini ya WSJT-X yamewahi kutafsiriwa kwa Kihispania, Kijapani na lugha nyinginezo.

Anayeandika msimbo naye aanze na rekebisho dogo, alieleze kikamilifu, na awe tayari kukosolewa na waliomtangulia.