Blugamu Si Mti wa Kwetu

Panda matatu kutoka Kisii hadi Nyamira uangalie nje: chai, migomba, blugamu. Uliza mti wa Abagusii ni upi, na wengi watakuonyesha huo mrefu mwembamba. Wasee, huo mti ni mgeni.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Magari ya moshi ya enzi hizo yalikuwa yanakula kuni, na miti ya asili hukua polepole. Ndiyo maana karibu mwaka 1902 Waingereza walileta mkaratusi, yaani blugamu, kutoka Australia. Walitaka mti unaokua haraka na kuwaka vizuri. Mito yetu haikuwa kwenye hesabu.

Uhuru ulikuja, lakini hesabu ikabaki ileile. Viwanda vya chai vinataka kuni, stima inataka nguzo, mjengo unataka mbao. Mzee mwenye kipande kidogo cha shamba akapanda blugamu hadi chini kwenye chemchemi, akiuza analipa karo. Simlaumu. Shida ni kwamba mti unaokua haraka hivyo unakunywa maji mengi, na chini yake hakuoti majani ya maana ya kushika udongo mvua ikinyesha.

Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kando ya mito. Kanuni za kilimo za mwaka huohuo zikakataza kuipanda kwenye kingo za mito na maeneo oevu. Lakini shuka leo hadi kwenye vijito vyetu, bado imesimama. Kutoa amri ni rahisi. Karo itatoka wapi, hilo ndilo swali.

Kwa hivyo naona tuanzie mjini, kwenye mto Nyakomisaro. Unapita katikati ya mji wa Kisii na tumeugeuza mfereji wa taka. Hapo hatuna kisingizio cha karo. Na tusiseme haiwezekani: Nairobi, kando ya mto wao, palipokuwa jalala leo ni Michuki Park, na watu wanapumzika kivulini.

Turudishe omotembe, ule mti wa maua mekundu yanayochanua hata kabla ya majani. Turudishe omosocho. Pale penye tope, matete na nyasi tuziache zimee, maana ndizo huzuia udongo na takataka kabla havijaingia majini. Blugamu ibaki juu kilimani, mbali na maji, iendelee kulipa karo.

Serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032, kwa hivyo tutaitwa sana kupanda. Ukipewa mche kando ya mto, kabla hujapiga selfi, uliza swali moja: huu ni mti gani? Mwaka 1902 hakuna aliyetuuliza. Sasa jembe tumeshika sisi.