Kijitabu cha Bure Kilichosomwa kwa Barbara

Mjukuu wangu ana miaka minne, na ikifika Desemba hunidai kitabu kile kile: cha Rudolph, kulungu wa nchi za theluji mwenye pua nyekundu. Humpakata nikamsomea, na kabla sijafunua ukurasa kidole chake kimeshatangulia kuitafuta ile pua. Tangu mama yake atutoke, saa hiyo ya jioni ndiyo inayotushika sote wawili. Ndiyo maana historia ya kitabu hiki inanigusa.

Robert May alikuwa mtunzi wa matangazo wa kampuni ya maduka ya Montgomery Ward, mjini Chicago. Mapema mwaka 1939 aliagizwa atunge hadithi ya mnyama, ichapwe kijitabu cha kugawiwa bure watoto watakaokuja dukani msimu wa Krismasi. Nyumbani hali ilikuwa ngumu: madeni yalimwelemea, mkewe Evelyn aliugua saratani, na binti yao Barbara alikuwa na miaka 4.

Barbara alipenda kulungu wa bustani ya wanyama, basi baba yake akamchagua kulungu. Wazo la pua inayong'aa kama taa lilimjia alipoutazama ukungu wa Ziwa Michigan dirishani. Mkubwa wake alisita, kwani pua nyekundu ilikuwa alama ya mlevi. May hakubishana. Alimchukua mchoraji Denver Gillen wakaenda bustani ya Lincoln Park kuwachora kulungu, na michoro ile ikamaliza ubishi.

Julai Evelyn akafariki. Mkubwa akataka kumpumzisha, kazi apewe mwingine. May akakataa. Mwishoni mwa Agosti alikamilisha beti zake zenye vina, akawaita sebuleni Barbara na wazazi wa marehemu mkewe, akawasomea kwa sauti. Nyusoni mwao akaona kwamba hadithi imekubali.

Krismasi ile ziligawiwa nakala milioni 2.4. Vita vikaleta uhaba wa karatasi na uchapaji ukasimama, hadi mwaka 1946 zilipotolewa nyingine milioni 3.6. Mwaka 1947 kampuni ilimkabidhi May haki za hadithi, naye akaweza kujikwamua. Wimbo wa shemeji yake Johnny Marks, ulioimbwa na Gene Autry mwaka 1949, ndio ulioisambaza duniani.

Wengi wanaujua wimbo, wachache wanajua kwamba kabla yake palikuwa na mjane akimsomea mwanawe wiki chache baada ya msiba. Kwangu mimi, hapo ndipo kitabu kilipozaliwa. Mashine za uchapaji zilifuata tu. Wewe mwenye mtoto nyumbani, Krismasi hii zima televisheni, mpakate, umsomee kwa sauti. Akisema rudia, rudia.