Utando wa Mfupa na Kitenzi ‘Ganga’

Hebu msomaji, siku ukienda kununua nyama Kitale au Bungoma, utazame mfupa wa paja la ng’ombe kwa makini. Juu yake pana utando mweupe, mwembamba, uliong’ang’ania hata kisu hulazimika kuukwangua. Wengi huuona kuwa takataka tu. Kumbe humo ndimo walimo mafundi wanaoujenga mfupa.

Wataalamu walibishana sana kuhusu jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1740, Mfaransa Henri-Louis Duhamel du Monceau alizungusha nyuzi za fedha chini ya utando wa wanyama wanaokua. Baadaye alizikuta zimefunikwa na mfupa mpya. Kwa kuwa alikuwa pia mtaalamu wa miti, aliufananisha utando huo na gome. Louis Ollier wa Lyon akautetea msimamo huo katika kitabu cha 1867. Naye William Macewen wa Glasgow akaupinga mnamo 1912, akidai kwamba utando ni mpaka tu. Leo inajulikana kuwa tabaka lake la ndani lina seli zinazozaa mfupa, na la nje hubeba mishipa ya damu na ya fahamu. Ndiyo maana kuvunjika huuma mno.

Kiswahili nacho kina ushahidi wake. Kamusi za zamani zinaeleza ‘ganga’ kuwa ni kufunga au kuunga kilichovunjika, na pia kutibu. Ubao wa kushikilia mfupa ni ‘gango’. Humo ndimo alimotoka ‘mganga’, na ndiyo maana tunaambiwa yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Basi anayeanguka na bodaboda akakimbilia kwa muunga mifupa kabla ya hospitali hafanyi jambo geni. Hatari ni gango kukazwa mno: damu haipiti, na mguu huweza kuoza. Kwa mtoto, utando ni mnene na mfupa huunga upesi, lakini ukiunga vibaya huweza kubaki kombo.

Daktari anapomweleza mzazi haya, aseme neno gani? Istilahi ya kigeni, yenye asili ya Kigiriki, maana yake ni ‘kinachouzunguka mfupa’ tu. Mimi nachagua ‘utando wa mfupa’. ‘Utando’ umetokana na ‘tanda’, na mzazi analijua tayari kutokana na maziwa yaliyopoa. Akilielewa, atauliza maswali kabla ya kukubali mwanawe afungwe gango lolote.