Mfungo wa Vipindi na Saa za Kula: Istilahi na Maana Yake

Katika miaka ya karibuni imeenea katika mazungumzo yetu, katika magazeti na katika vyumba vya matabibu, njia ya kupunguza uzito wa mwili ambayo haimwamuru mtu ale nini, bali humpangia ale lini. Na kwa kuwa njia hiyo imetufikia na jina la kigeni, kila mfasiri amejitungia jina lake, hata msomaji mmoja aweza kukutana na kufunga mara kwa mara, kufunga kwa muda, saumu ya vipindi na mfungo wa vipindi, asijue kama anaambiwa habari ya jambo moja au ya mambo manne. Jambo lenyewe ni moja. Nakusudia kulieleza kwanza, kisha kuyapima majina hayo, kwa sababu katika mambo ya siha jina lililokosewa laweza kumpeleka mtu mahali ambapo tabibu hakumtuma.

Mwenye kufuata njia hii huigawa siku au juma lake mafungu mawili, fungu la kula na fungu la kutokula, akaushika mpaka ulio baina yake. Wako wanaokula kila siku ndani ya muda wa saa nane, wakakaa saa kumi na sita zilizosalia kwa maji au chai isiyotiwa sukari. Wako wanaofunga siku moja na kula siku ya pili. Na wako wanaokula kama desturi siku tano za juma, kisha wakapunguza sana chakula katika siku mbili. Ya kwanza ndiyo iliyopendwa zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya mfungo wake hupita mtu akiwa usingizini.

Sababu ya kupungua si muujiza. Mwili huweka akiba yake mahali pawili: sukari iliyo katika ini, mfano wa unga ulio katika debe la jikoni, na mafuta yaliyo chini ya ngozi na tumboni, mfano wa mahindi yaliyo katika kihenge. Mtu alapo, insulini hupanda katika damu, na mojawapo ya kazi zake ni kuitunza akiba isitolewe. Akaapo saa kumi na mbili na zaidi bila kula, insulini hushuka, debe hupungua, na mwili huzidi kuchota katika kihenge. Lakini kihenge kilichochotwa usiku hujazwa tena mchana ikiwa mtu hula pasi na kiasi. Mwaka 2022 matabibu wa Guangzhou, nchini China, walitangaza matokeo ya kuwafuatia kwa mwaka mmoja watu 139 wenye unene uliozidi: wote walipunguziwa chakula, na takriban nusu yao wakaamriwa wasile ila baina ya saa mbili asubuhi na saa kumi alasiri. Walioshika saa walipungua kwa wastani kilo 8.0, na wasioshika saa kilo 6.3, nayo tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba saa zenyewe ndizo zilizoleta faida. Yafuata, basi, kwamba saa ni msaada wa kiasi, wala si badala yake.

Wala kuweka mipaka ya saa katika chakula si uzushi wa zama zetu. Hanga, katika nchi ya Songea, iko abasia ya wamonaki Wabenediktini iliyozaliwa na Abasia ya Peramiho katikati ya karne ya 20, na msingi wa maisha yao ni Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6. Sura ya 41 ya Kanuni hiyo haina habari nyingine ila saa za kula. Tangu Pasaka hata Pentekoste ndugu hula saa sita, wakala tena jioni. Majira ya kiangazi, Jumatano na Ijumaa hufunga hata saa tisa, isipokuwa wakiwa na kazi za shambani au joto likizidi. Tangu tarehe 13 Septemba hata Kwaresima chakula ni saa tisa. Na Kwaresima yote ni jioni, lakini mapema kiasi kwamba taa haihitajiki mezani. Hapana shaka kwamba Benedikto hakutafuta kupunguza viuno vya wamonaki, bali kuzitawala nafsi. Hata hivyo aliyajua mawili ambayo washauri wengi wa leo huyasahau, kwamba saa hubadilika kwa majira, na kwamba mwenye kushika jembe juani hapimwi kwa kipimo cha mwenye kukaa kivulini.

Naye mfasiri wa Kiswahili apata hapo neema isiyopatikana katika lugha nyingi. Warumi walizihesabu saa za mchana tangu jua kuchomoza, nasi twahesabu vivyo hivyo; kwa hiyo saa ya sita ya Benedikto ndiyo saa sita yetu ya adhuhuri, na saa yake ya tisa ndiyo saa tisa yetu ya alasiri, na huko Hanga, ambako mchana na usiku havipitani sana kwa urefu mwaka mzima, Kanuni husomeka kama iliyoandikwa kwa saa ya hapo. Lakini neema hiyo ina mtego wake. Saa nane kwetu ni kadiri ya muda, na pia ni wakati maalumu wa mchana. Basi mwandishi aandikaye kwamba mtu ale saa nane amewaambia baadhi ya wasomaji wale chakula kimoja tu baada ya adhuhuri, ilhali alikusudia waanze kula saa sita mchana na kumaliza saa mbili usiku. Sharti aseme muda wa saa nane, kisha ataje mwanzo na mwisho wake.

Nakuja kwenye majina. Kufunga mara kwa mara kumepotoka, kwa maana mara kwa mara ni wingi wa kutenda, na jambo hili ni mpango wa zamu. Kufunga kwa muda hakutofautishi chochote, kwa kuwa kila mfungo una muda. Saumu ya vipindi ina ufasaha, lakini saumu ni ibada: kwa Mwislamu ina nia, na hujizuia hata na maji tangu alfajiri hata magharibi, nalo neno hilo lina taadhima isiyofaa kushushwa hadi kwenye mizani ya uzito. Mfungo wa vipindi ndilo jina lililo sawa. Mfungo ni neno pana, lachukua wa Ramadhani, wa Kwaresima na ule ambao mgonjwa huamriwa kabla ya kupasuliwa. Na vipindi ni mafungu ya wakati yenye mpaka, kama tunavyosema vipindi vya sala. Fungu la kula nalo wengine huliita dirisha la kula, kwa kufuata lugha ya kigeni neno kwa neno. Saa za kula latosha, na kila mtu alielewa tangu utoto.

Mpaka mmoja wa mwisho sharti ulindwe. Mfungo ni hiari. Mtu alaye mlo mmoja kwa kuwa ghala ni tupu hafungi, ana njaa, na haki yake ni chakula, si sifa. Halikadhalika mja mzito, mama anyonyeshaye, mtoto, na mwenye kisukari atumiaye insulini au vidonge vya kushusha sukari wasiingie katika mfungo huu pasipo idhini ya tabibu wao, kwani sukari ya damu ikishuka kupita kiasi huweza kuua. Nawasihi wahariri, wauguzi na walimu wa afya waseme mfungo wa vipindi, waseme saa za kula, na wasiache kutaja kiasi cha chakula kila watajapo saa.