Mfumo

Neno hili linatokana na fuma, kazi ya kupishanisha nyuzi hadi zishikane. Maofisini limekuwa jina la programu yoyote ya kompyuta, na hapo linapunjwa.

Tazama forodha ya Burundi. Nchi haina bahari. Shehena zake nyingi hushushwa Dar es Salaam, kisha malori huzileta Bujumbura kupitia mpaka wa Kobero. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, ikaingia Umoja wa Forodha mwaka 2009. Ikabidi ushuru ukokotolewe kwa kanuni za pamoja. Mwaka huohuo ikaundwa mamlaka ya mapato, OBR, na baadaye ikaja Sydonia World, programu ya UNCTAD (shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo) ambayo majirani wanaotumia Kiingereza huiita ASYCUDA.

Hitaji la kanuni za pamoja lilitangulia, programu hiyo ikafuata. (Wauzaji wa programu hupenda kinyume chake.) Wakala wa forodha, benki, ofisa wa mpakani na sheria yenyewe, wote hao ni nyuzi za mfumo.

Basi enyi mnaoandika matangazo ya zabuni: kinachonunuliwa kikiwa programu, andikeni programu.