Tele na Mfuto: Kibaba, Pishi na Lita

Katika pwani ya Afrika Mashariki nafaka ilipimwa zamani kwa kujazwa chomboni kuliko kutiwa mizanini. Vibaba viwili vilifanya kisaga, na visaga viwili pishi. Lakini lugha iliongeza jambo ambalo majedwali ya vipimo hayalioni: kulikuwa na kibaba cha tele, ambacho nafaka yake huachwa irundikane juu ya ukingo, na kibaba cha mfuto, ambacho hufutwa kikawa sawasawa. Mnunuzi asiyetaja ni kipi alimwachia muuzaji hiari ya kumchagulia.

Wageni waliofasiri maneno haya kwa Kiingereza walitaka nambari moja. Ndipo pishi ikaelezwa kuwa nusu galoni, na tena kuwa ratili 6. Kwa vipimo vya leo nusu galoni ya Kiingereza ni lita 2.27, na ratili 6 ni kilo 2.72. Lita moja ya mchele mkavu haifiki kilo moja. Basi maelezo hayo mawili hayawezi kuwa ya mfuto mmoja. Lundo la tele huenda likaziba sehemu ya pengo. Yaelekea pia kwamba uzani uliingizwa kwa ajili ya frasila ya wafanyabiashara, iliyohesabiwa ratili 35 au 36: pishi 6 za ratili 6 hutimiza frasila barabara, mno hata mtu akashuku.

Suala hili si la duka peke yake. Katika Kiswahili cha fikihi, pishi ndiyo tafsiri ya *sâ‘* ya Kiarabu, na kibaba ni *muddi*, robo yake; kwa hiyo zaka ya fitri hutajwa kuwa pishi moja. Anayeishika nusu galoni ya kamusi atatoa mchele usiofika kilo 2.3, ilhali makadirio mengi ya siku hizi hutaja kilo 2.5 hivi.

Nchi zetu zilipohamia mfumo wa metriki, katika miongo ya 1960 na 1970, sheria ilibadilika kabla ya chombo. Debe la galoni 4 lilisalia sokoni, likiitwa la lita 18. Na nchini Kenya kopo la mafuta ya kupikia la kilo 2 likawa gorogoro, kipimo cha mahindi. Kilo zile zilikuwa za mafuta. Mahindi hurundikwa juu yake, na mnunuzi hudai lundo hilo kama alivyolidai wa zamani, ingawa neno tele halitajwi tena.