IRUNGU NA RYANGOMBE: PORI LA NYAMAHANGA KATIKA MASIMULIZI NA KATIKA TAREHE

Nchi ya Nyamahanga, pamoja na sehemu za Ngara na Biharamulo zinazoizunguka, ni mahali ambapo nchi za namna mbili hukutana. Upande wa magharibi ni vilima virefu vya Ngara, vyenye migomba na makazi yaliyo karibu karibu, na mito miwili, Ruvubu na Kagera, ambayo huungana karibu na maporomoko ya Rusumo. Upande wa mashariki na wa kusini ni pori la miombo, lenye miti isiyopandwa na mtu, wanyama, na mbung'o. Wenyeji ni Wahangaza, Wasubi, Wazinza na wengineo, ambao lugha zao ni za jamii moja, na ambao masimulizi yao ya kale yana mengi ya kufanana na yale ya Buhaya, Ankole, Rwanda na Burundi.

Mtu asomaye habari za nchi hii katika vitabu vya wasafiri na vya serikali huona pori likitajwa kama kitu kisicho na tarehe: lilikuwako tangu mwanzo, na binadamu ni mgeni ndani yake. Masimulizi ya wenyeji hayasemi hivyo. Yafaa basi kuyatazama maneno na hadithi zenyewe, kisha kuyalinganisha na yale yajulikanayo kwa njia nyingine, ili ionekane ni upande gani ulio karibu zaidi na kweli.

Kwanza ni jina la pori. Katika lugha za Kihaya, Kinyoro na Kinyankole, nchi isiyokaliwa na watu huitwa irungu au eirungu. Katika Kiganda neno hilo hilo ni eddungu, nalo ndilo watafsiri wa Biblia walilolitumia kwa jangwa walimotembea Waisraeli, pale ambapo Kiswahili kina jangwa na nyika. Katika Kinyarwanda irungu si mahali tena, bali ni hali ya moyo: ni upweke, ukiwa wa mtu asiye na mwenziwe, na mtu anayetafuta wa kuzungumza naye husemwa kuwa anaua irungu. Hapa lugha yenyewe yatoa ushahidi. Asili ya neno hili si wingi wa miti, wala si ukali wa wanyama. Ni kukosekana kwa watu. Kwa fikira hiyo, pori si kinyume cha shamba tu, bali ni kinyume cha jamaa.

Neno jingine lastahili kuangaliwa na wasemaji wa Kiswahili. Katika Kirundi ishamba, na katika Kinyarwanda ishyamba, maana yake ni msitu. Msafiri wa pwani aliyefika nchi hizi akitafuta shamba, yaani mahali palipolimwa, angaliweza kuonyeshwa mwitu. Asili ya maneno haya mawili si jambo la kuamuliwa hapa; lakini tofauti ya maana yatosha kuonya kwamba majina ya nchi hayafai kufasiriwa kwa sauti yake tu. Onyo hilo lafaa kwa jina la Nyamahanga pia. Katika lugha nyingi za jirani amahanga ni mataifa, au nchi za ugenini. Na mtu huvutwa kusema kwamba hapa ni mahali pa watu wa mataifa, jambo ambalo tarehe ya nchi haiwezi kulikanusha. Hata hivyo kufanana kwa sauti si hoja, na jina hili lapaswa kuulizwa kwa wazee kabla halijapewa maana.

Irungu si jina la mahali tu. Katika masimulizi ya Buhaya na Bunyoro, Irungu ni mmoja wa Bachwezi, watawala wa kale waliotoweka wakawa mizimu ya kutambikiwa. Mkuu wao ni Wamara, bwana wa kuzimu; Mugasha ana mamlaka juu ya maji ya ziwa na tufani; na Irungu amekabidhiwa pori, hata wawindaji na wasafiri wakawa chini ya ulinzi wake. Buganda nako Ddungu ndiye mwenye mambo ya uwindaji, na jina lake ni lile lile la jangwa. Maana ya mgawanyo huu ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Pori lenye mwenyewe si pori la kila mtu kujifanyia apendavyo: aliyetaka kuingia alipaswa kujua amri zake, na aliyerudi salama alikuwa na deni la shukrani.

Magharibi, Rwanda na nchi za jirani, hadithi iliyotia mizizi ni ya Ryangombe. Huyu alikuwa mwindaji mashuhuri na mkuu wa mizimu iitwayo imandwa. Mama yake aliota ndoto mbaya, akamkataza kwenda kuwinda, naye hakusikia. Porini alikutana na mwanamke asiye wa kawaida, na mwisho wa kukutana kwao ni kwamba nyati alimpiga pembe, akafa chini ya mti wenye maua mekundu uitwao umurinzi. Tangu hapo mti huo ukawa mtakatifu kwa wafuasi wake. Jina umurinzi latokana na kurinda, ambalo ndilo kulinda la Kiswahili. Hivi kwamba mti uliomwona shujaa akifa waitwa mlinzi. Burundi mizimu hiyo ina mkuu aitwaye Kiranga, na ibada yake ni kubandwa vile vile. Kusini na mashariki, kwa Wasumbwa, Wanyamwezi na Wasukuma, ibada ya namna hii ilijulikana kwa jina la Buswezi, na Hans Cory aliiandikia makala mwaka 1955.

Nchi ya Ngara na Biharamulo imo katikati ya njia hizi zote. Jambo moja lazifungamanisha hadithi: hatari humpata shujaa wakati apitapo mpaka kati ya nyumbani na porini pasipo kusikia la mkuu. Hivyo hadithi ni sheria, na sheria hiyo yahusu mpaka.

Lakini mpaka huo haukukaa mahali pamoja. Uchimbuzi wa Peter Schmidt huko Katuruka, katika Buhaya, ulionyesha kwamba chuma kiliyeyushwa huko zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Na kazi hiyo hula makaa, na makaa hula misitu. David Schoenbrun, katika kitabu chake cha mwaka 1998, alikusanya ushahidi wa lugha na wa nchi kuonyesha jinsi wakulima na wafugaji wa nchi za maziwa walivyobadili misitu kwa karne nyingi. John Speke alipopita mwaka 1861, aliikuta milki ya Rusubi, ambayo aliiandika Usui, chini ya Suwarora, aliyetoza misafara hongo nzito. Na mbele yake Karagwe chini ya Rumanyika. Hizo zilikuwa nchi za watu, ng'ombe na serikali.

Miaka thelathini baadaye mambo yaligeuka. Sotoka iliingia katika nchi za maziwa karibu na mwaka 1891, ikaua ng'ombe wengi mno. Na ndui na njaa vikafuatana nayo. Ng'ombe walipokwisha, majani hayakuliwa. Watu walipopungua, vichaka havikufyekwa wala kuchomwa kwa wakati wake. Wanyama wa mwituni wakarudi, na mbung'o wakaandamana nao. John Ford, aliyefanya kazi ya kupambana na mbung'o na ambaye pamoja na R. de Z. Hall aliandika tarehe ya Karagwe mwaka 1947, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1971 kwamba pori hili lilienea kwa sababu uwiano wa kale kati ya watu, mifugo na wanyama ulivunjwa. Katika miaka ya 1920 na 1930, serikali ya Kiingereza, kwa kuogopa malale, iliwakusanya watu wa sehemu nyingi za magharibi ya Tanganyika katika makazi yaliyofyekwa. Na mahame waliyoyaacha yakawa pori.

Kwa hiyo sehemu za pori ambalo wageni waliliona kuwa la tangu mwanzo zilikuwa changa. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Kuhifadhi wanyama ni jambo jema; bali kuhifadhi pori huku likisemwa kuwa halikuwa na watu kamwe ni kufuta makaburi na matambiko ya waliokaa humo.

Nchi imeona pia mpaka ukipitwa kwa namna nyingine. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo katika muda wa siku moja hivi wakaingia Ngara, na kambi ya Benaco ikawa mji. Miti ya kuni ikatoweka kwa maili nyingi. Baada ya hapo, kwa miaka kadhaa, magari yaliyopita katika mapori ya Biharamulo yalisindikizwa na askari kwa hofu ya majambazi. Msafiri akawa tena na haja ya mlinzi, kama zamani alipokuwa chini ya Irungu.

Yaliyotangulia yatosha kuonyesha kwamba masimulizi hayapingani na tarehe. Yasema kuwa pori ni mahali watu wasipo, wala hayasemi kuwa hawakuwapo. Kazi iliyobaki ni ya wataalamu wa lugha: kukusanya katika Kihangaza, Kisubi na Kizinza majina ya vilima, ya mahame, ya miti ya matambiko na ya njia za wawindaji, maana wazee wanaoyajua wanapungua. Hame lisilo na jina halina wa kulidai, na kwa lugha ya nchi hiyo, limekuwa irungu kweli kweli.